Chupa 11 za Chai: Kwa Nini Inatuwia Vigumu Kuachana na Vitu vya Nyumbani

Baada ya arobaini ya bibi tulikutana nyumbani kwake Tanga kwa kazi moja: kutoa vitu ndani. Nyumba ilikuwa imeshapata mpangaji, kodi ya miezi 6 imeshalipwa, na sisi tulikuwa na siku 4. Nilijiona mimi ndiye mwenye nafuu kuliko wote, kwa sababu nasoma saikolojia ngazi ya uzamili na nimepitia tafiti chungu nzima kuhusu watu na mali zao. Nikasema nitaanza na vyombo vya jikoni.

Kwenye kabati nilikuta chupa za chai 11. Nikazijaza zote maji ya moto, nikazifunga, nikasubiri saa 3. Ni 2 tu zilizokuwa bado zinatunza joto. Hili si la ajabu. Chupa ya chai ina kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imenyonywa hadi karibu kwisha. Joto halina njia rahisi ya kupita pasipo na hewa. Kioo kikipata ufa hata mdogo, hewa inaingia, na kuanzia hapo ile ni birika tu lenye picha ya maua. Basi zile 9 nikazitia kwenye kiroba cha taka. Jioni narudi jikoni, nakuta 7 ziko kabatini, tena zimefutwa vumbi. Hakuna aliyekiri.

Siku ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Mama na mama mdogo walisimama kila mmoja upande wake wa cherehani ya bibi, Singer ile ya kukanyaga kwa miguu. Mkanda wake ulikatika zamani, na kati yao wawili hakuna anayejua kushona.

"Dada, mafuta ya mashine hii nilikuwa natia mimi," alisema mama mdogo.

"Na pesa ya kuinunulia ilitoka wapi?" mama akamjibu.

Mama mdogo akachukua mtandio wake, akatoka. Hawakusemezana wiki 3.

Usiku ule mama aliniuliza, wala si kwa utani: "Wewe mwanangu unasomea vichwa vya watu. Hebu niambie, tunagombania chuma kibovu kwa nini?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia kitu kuhusu "mzigo wa kihisia", akanitazama kama aliyepewa chenji pungufu.

Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Kwa ufupi ni hivi: kitu cha nyumbani hakitushiki kwa kamba moja. Kuna kamba kama 4, na kila moja ina fundo lake. Ukivuta kamba isiyo yenyewe, fundo linazidi kukaza. Hapo ndipo familia nyingi zinapogombana.

Kamba ya kwanza: "ni changu"

Tuanze na kikombe. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo leo yanafundishwa karibu kila darasa la uchumi wa tabia. Waliwapa baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu kikombe cha kawaida, wengine hawakuwapa. Kisha waliopewa wakaulizwa wangekubali kuuza kwa bei gani, na wasiopewa wangekubali kununua kwa bei gani. Kikombe ni kilekile, na nani apewe iliamuliwa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo ungetegemea bei zikaribiane. Kumbe wapi! Katika jaribio mojawapo wauzaji walitaka dola 7 na ushee, wanunuzi hawakufika hata dola 3. Dakika chache za kumiliki zilitosha kuifanya bei ipande zaidi ya mara mbili.

Knetsch alikuwa ameshaonyesha jambo hilo mwaka 1989 bila kuingiza fedha kabisa. Kundi moja la wanafunzi walipewa kikombe, baadaye wakaambiwa wanaweza kukibadilisha kwa chokoleti. Asilimia 89 walibaki na kikombe. Kundi la pili walipewa chokoleti kwanza, wakaambiwa wanaweza kubadilisha wachukue kikombe. Asilimia 90 walibaki na chokoleti. Kundi la tatu hawakupewa chochote, waliachwa wachague, na hapo wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Yaani watu hawakuwa wanapenda vikombe kuliko chokoleti, wala chokoleti kuliko vikombe. Walipenda kile kilichokwisha kuwa mkononi.

Watafiti wanaita hali hii athari ya umiliki. Maelezo yake ya kwanza yanatokana na kazi ya Kahneman na Amos Tversky: uchungu wa kupoteza kitu unazidi raha ya kukipata, na wao walikadiria kwamba unazidi kwa takriban mara mbili. Wahenga wetu walishalisema kwa namna yao: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Methali inatuonya tusidanganyike na kipya tukaacha chetu. Majaribio haya yanaonyesha kwamba sisi tunaushika mbacha hata pale ambapo msala haupiti, umetandikwa mbele yetu.

Je, binadamu wote wako hivyo? Jibu mojawapo zuri limetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2014 Coren Apicella na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Walitumia biskuti na viberiti vya gesi: mtu anapewa kimoja, halafu anaulizwa kama angependa kubadilisha. Wahadzabe wanaoishi mbali na soko walibadilisha karibu nusu ya nafasi walizopewa, kama vile umiliki hauna uzito wowote. Lakini wale wanaoishi karibu na kijiji cha Mangola, waliozoea kuuza vitu kwa watalii, walibadilisha kama robo tu. Watu wa kabila moja, lugha moja, na bado mkono wa wale walio karibu na soko ulikuwa mzito zaidi. Maana yake, hatuzaliwi na nguvu ileile ya kung'ang'ania. Mazingira yanaikuza au yanaipunguza. Kwenye kambi ambako chakula kinagawanywa na kila unachomiliki utakibeba mwenyewe siku ya kuhama, kung'ang'ania hakuna faida.

Na kuna upande mwingine wa soko. John List aliwachunguza wafanyabiashara wa kadi za michezo Marekani, mwaka 2003 akaonyesha kwamba wale wazoefu wa kubadilishana walikuwa na athari ndogo ya umiliki kuliko wageni wa biashara. Hapo usishangae. Muuza mitumba hana uchungu na shati lililo kwenye meza yake, kwa sababu tangu alipofungua belo alishalihesabu kuwa la kuondoka.

Fundo la kamba hii linafunguka kwa kugeuza swali. Badala ya kuuliza "nikitoe?", uliza: "kama kingekuwa sokoni leo, ningekinunua kwa shilingi ngapi?" Swali la kwanza linakuweka kwenye kiti cha muuzaji, la pili kwenye kiti cha mnunuzi. Niliwauliza ndugu zangu hivyo kuhusu zile chupa zisizotunza joto. Mjomba alicheka mwenyewe. Chupa 6 zikaondoka bila ubishi.

Ya 7 ikabaki. Hiyo ilikuwa imefungwa kwa kamba nyingine.

Kamba ya pili: "ni yeye"

Bruce Hood na Paul Bloom mwaka 2008 walichapisha jaribio walilofanya na watoto wadogo. Waliwaonyesha mashine waliyodai inaweza kunakili kitu chochote. Ilikuwa masanduku mawili yenye taa na vitufe, mchezo mtupu. Watoto wenye mdoli au blanketi wanalolala nalo kila siku waliombwa waliweke ndani linakiliwe. Baadhi walikataa katakata. Na kati ya waliokubali, wengi walipoulizwa wanataka kurudi na lipi, walichagua lile la mwanzo. Kwa vitu vingine vya kuchezea ambavyo hawakuvizoea, hawakuwa na shida kuchukua nakala.

Mtoto wa miaka 4 hajui lolote kuhusu bei. Anachoamini ni kwamba ndani ya kile kitu kuna jambo lisiloonekana, ambalo nakala haiwezi kuwa nalo hata ikifanana nacho uzi kwa uzi. Watu wazima nasi hatujaacha. Paul Rozin na wenzake waliwauliza watu kama wangevaa sweta lililowahi kuvaliwa na Hitler. Wengi walikataa, hata wakiambiwa limefuliwa. Sabuni inatoa jasho, lakini wao hawakuwa wanaogopa jasho. Kwa mantiki hiyohiyo iliyogeuzwa, kanga ya bibi inakuwa na bibi ndani yake. Ukiitoa, unahisi umemtoa yeye.

Mwaka 1988 Russell Belk aliandika makala maarufu akieleza kwamba mali zetu ni sehemu ya nafsi iliyotanuka nje ya mwili. Shamba, redio, kofia ya baba, vyote tunavihesabu ndani ya "mimi". Ndiyo maana mtu aliyeibiwa hasemi tu kwamba amepungukiwa, anasema ameingiliwa.

Sasa rudi kwenye cherehani. Mama mdogo aliishi na bibi miaka yake yote ya mwisho. Alimwogesha, alimpikia uji, alikesha naye. Mama alikuwa Dar es Salaam, akituma fedha za dawa kila mwezi. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa mapenzi yake, na ushahidi wenyewe ulikuwa ni ile mashine: mmoja aliitia mafuta, mwingine aliinunua. Hawakuwa wanauliza nani achukue chuma. Walikuwa wanauliza nani alikuwa mtoto zaidi. Swali hilo huwezi kulijibu kwa kutafuta dalali aje apange bei, na mjomba alipopendekeza iuzwe wagawane pesa, alizidisha moto. Alikuwa anavuta kamba ya kwanza kwenye fundo la kamba ya pili.

Kinachosaidia hapa ni kitu kumfikia mtu anayestahili, si kuondoka tu. Nguo za bibi hazikuleta ugomvi hata kidogo, kwa sababu ziligawiwa kwa watu wenye majina na nyuso: jirani aliyekuwa akimletea maji, wifi yake, mwanamke aliyekuwa akimsuka. Mila zetu nyingi za kugawa vitu vya marehemu zinafanya kazi hii. Zinasubiri siku zipite, zinawaita watu, kitu kinatajwa mbele yao kimetoka kwa nani na kinakwenda kwa nani. Aliyemo ndani ya kitu hatupwi, anahamia kwa mwingine.

Kamba ya tatu: "nitasahau"

Kumbukumbu haikai kichwani kama faili kwenye kabati, ukaitoa ukitaka. Mara nyingi inahitaji kichokozi: mahali, sauti, sura, harufu. Endel Tulving, mmoja wa watafiti wakubwa wa kumbukumbu, alionyesha pamoja na Donald Thomson mwaka 1973 kwamba kichokozi kinachofaa zaidi ni kile kilichokuwepo wakati kumbukumbu inaingia. Ndiyo maana ukishika kijiko cha mbao cha nyumbani kwenu unakumbuka mambo ambayo usingeyakumbuka kwa kukaa chini na kujilazimisha.

Kwa hiyo hofu ya "nikikitoa nitasahau" si ujinga. Ni hofu yenye msingi. Lakini ina dawa rahisi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2017 Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin walichapisha utafiti uliofanyika kwenye mabweni ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, kipindi ambacho wanafunzi huombwa kutoa vitu kabla ya kufunga chuo. Mabweni mengine yaliwekewa tangazo la kawaida la kukusanya vitu na kutoa. Mengine yaliambiwa: kama kina kumbukumbu, kipige picha kwanza, kisha kitoe. Mabweni ya kawaida yalitoa vitu 533. Yale ya picha yalitoa 613, sawa na asilimia 15 zaidi. Watu walikuwa tayari kuachana na kitu, mradi kichokozi cha kumbukumbu kibaki.

Picha inatosha kwa vingi: kabati, kochi, meza, vikombe vya wageni. Kuna kimoja haikiwezi, nacho ni harufu.

Milango mingine ya fahamu hupeleka habari zake kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo, ndipo zinapogawanywa. Harufu ina njia yake ya mkato. Kutoka puani inafika kwenye balbu ya harufu, na hapo iko jirani kabisa na amigdala inayohusika na hisia na hipokampasi inayohusika na kumbukumbu. Tulipofungua sanduku la kanga za bibi, mama alianza kulia kabla hajaona hata jina la kanga moja. Ilikuwa udi na karafuu.

Na hapa kemia ina jambo la kutuambia. Udi una molekuli nzito za kundi la seskwiterpeni, ambazo hazina haraka ya kuruka hewani. Karafuu ina ujenoli. Zote mbili zinashika vizuri kwenye pamba, ndiyo maana sanduku lililofungwa miaka 5 bado linanukia. Ila kila unapofungua, sehemu fulani inaondoka, na hairudi. Kanga 30 kwenye sanduku linalofunguliwa kila mgeni akija zitapoteza harufu. Kanga 1 kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana itaishika muda mrefu zaidi. Tulifanya hivyo. Kila mtoto wa bibi alichukua kanga moja na chupa yake, zilizobaki zikagawiwa wajukuu wazivae. Kanga haikutengenezwa ikae sandukuni.

Kamba ya nne: "huenda nikakihitaji"

Akiba haiozi. Wangapi tumelelewa na methali hii? Ukikaa Ulaya unaweza kumwambia mtu atupe sufuria lisilotumika, akilihitaji atanunua jingine mchana huohuo. Kwa bibi yangu, aliyekumbuka foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutupa kopo lenye mfuniko lilikuwa kosa. Mahali ambapo kipuri hakipatikani na fedha haina uhakika, kulimbikiza ni hesabu, si ugonjwa. Tafadhali usimcheke mzazi wako kwa hili. Yeye alifanya hesabu sahihi kwa dunia aliyoishi. Kinachobadilika ni dunia.

Tatizo ni kwamba akiba, kusema kweli, inaoza. Ukungu hushamiri kwenye karatasi na vitambaa pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65, na pwani unyevu mara nyingi unapita hapo. Vyeti, picha za harusi na barua zikirundikwa stoo chini ya magodoro ndizo zinazoharibika kwanza, wakati ndizo pekee zisizo na mbadala. Betri kavu zilizosahauliwa ndani ya redio huvuja na kula shaba. Televisheni za kichogo zina risasi ndani ya kioo chake, kwa hiyo zisivunjwe na watoto wakitafuta shaba. Friji za zamani zinaweza kuwa na gesi za CFC, zile zilizowekewa ukomo na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni. Fundi wa majokofu aitoe gesi kwanza kabla ya kuuza bodi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Akili nayo hulipa. Darby Saxbe na Rena Repetti mwaka 2010 waliandika kuhusu wanandoa wa Los Angeles waliotembeza kamera nyumbani kwao huku wakieleza wanachokiona. Wanawake walioielezea nyumba yao kama iliyojaa vurugu na kazi zisizokwisha, kotisoli yao haikushuka vizuri kufikia jioni kama ilivyotakiwa. Kotisoli ni homoni ya msongo. Kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Utafiti huu hauthibitishi kwamba vitu ndivyo vilivyoleta msongo. Inawezekana mwenye msongo ndiye anayeshindwa kupanga. Ila anayeishi ndani ya stoo anaelewa.

Kwa kamba hii, weka kikomo badala ya hukumu. Chagua rafu moja au sanduku moja la "huenda". Likijaa, kipya kikiingia kimoja cha zamani kitoke. Hapo hutoi akiba, unaichambua.

Lini ni ugonjwa?

Kuwa na stoo iliyojaa hakukufanyi mgonjwa. Lakini upo ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ulioorodheshwa rasmi peke yake katika mwongozo wa tiba ya akili wa DSM-5 mwaka 2013, na baadaye katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11. Dalili zake ni mtu kushindwa kwa muda mrefu kuachana na vitu bila kujali thamani yake, kupata dhiki kubwa akijaribu, na vitu kujaa hadi vyumba havitumiki: kitanda hakilaliki, jiko halipikiki.

David Tolin na wenzake mwaka 2012 waliwaweka wagonjwa wa aina hii kwenye mashine ya MRI, wakawaonyesha karatasi zao wenyewe na karatasi za watu wengine, waamue ipi ichanwe. Karatasi ilipokuwa ya mtu mwingine, sehemu mbili za ubongo, insula na gamba la singuleti la mbele, zilitulia kuliko kawaida. Ilipokuwa yao, sehemu hizohizo zilichemka kupita kawaida. Sehemu hizo zinahusika na kupima uzito wa jambo na kuhisi kwamba kuna kosa linakaribia. Kwa mgonjwa, bahasha tupu ya bili ya umeme inalia kengele kama ya hatari.

Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini kumvizia mzazi amesafiri ukatupa vitu vyake hakumponyi. Kunathibitisha kengele yake. Mtu wa namna hii anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo inayomfundisha kuamua kidogo kidogo, kitu kimoja kimoja, yeye mwenyewe akiwa ndiye mwenye mkono.

Kabla ya kugawa

Jambo moja la mwisho lisilo la ubongo. Vitu vya marehemu vina mwenyewe kisheria. Katika mirathi ya Kiislamu hutangulia gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi moja. Kinachobaki ni cha warithi wote, hata sufuria. Kwa hiyo usitoe sadaka cha wote bila ridhaa ya wote. Kenya, Sheria ya Urithi, Sura 160, inataja vitu binafsi na vya nyumbani: nguo, samani, vyombo, picha. Marehemu akiwa hakuacha wosia na ameacha mjane au mgane na watoto, kwa wale ambao sheria hiyo inawahusu, vitu hivyo ni vya mjane au mgane huyo moja kwa moja. Watoto wanaofika na gari la mizigo siku ya tatu ya msiba wasome kifungu hicho kwanza.

Sisi tulimaliza siku 2 baada ya muda, mpangaji akatuvumilia. Cherehani ilikaa kwa jirani hadi mama alipompigia simu mama mdogo. Hakuzungumzia mashine. Alisema, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyemuuguza. Mimi sikuwepo, na najua." Upande wa pili kulikuwa kimya, halafu mama mdogo akasema, "Na dawa zilitoka wapi, dada, kama si kwako?" Baada ya hapo mashine ilipata mwenyewe ndani ya dakika 5: binti wa mama mdogo, anayejifunza ushonaji. Fundi aliweka mkanda mpya. Mama alichukua subana ya bibi, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvaa kidoleni, anaiweka kwenye mkoba wake wa kazini.

Ile chupa ya 7 niliuliza ina nini. Mjomba akasema ndiyo bibi aliyokuwa akimpelekea chai hospitali mwaka aliovunjika mguu. Nikaipiga picha, nikamrudishia. Haitunzi joto, anawekea kalamu.